Uzoefu wangu na chaja ya kubebeka ya gari la umeme: ampea 10 au 16?

Naishi Embakasi, Nairobi, na nachaji Nissan Leaf yangu nyumbani. Ni gari lililotoka Japani, betri ya kilowati-saa 40. Ninachotaka kusema kuhusu chaja hii kinahusu kitufe kimoja tu, kile cha kuchagua ampea 8, 10, 13 au 16. Kwangu kitufe hicho kina thamani kuliko mbwembwe zote za chaja za bei kubwa, kwa sababu nyumba zetu hazikujengwa kwa kutarajia gari.

Chaja yenyewe ni kisanduku kilicho katikati ya kebo. Inakuja na plagi ya kawaida ya pini tatu, na kipande kingine cha kuchomeka kwenye soketi ya bluu ya ampea 16, ile ya viwandani. Kioo chake kinaonyesha volti, ampea na uniti zilizoingia. Kisanduku ndicho huliambia gari kiwango cha juu linachoruhusiwa kuvuta, nalo linatii.

Kwa plagi ya pini tatu naiweka 10, basi. Najua plagi imeandikwa 13 na ina fyuzi ya 13. Lakini birika huvuta ampea kumi na kitu kwa dakika chache kisha linazima, ilhali gari huvuta usiku kucha. Fundi wangu alipofungua soketi ya ukutani aliniambia, “Mzee, hii ni ya birika, si ya gari.” Tena joto kwenye kiungo kilicholegea halipandi sambamba na ampea, linapanda kwa mraba wake. Kutoka 10 hadi 13 umeongeza mkondo kwa asilimia 30, lakini joto limeongezeka kwa karibu asilimia 70. Hapo ndipo plastiki huanza kubadilika rangi. Kila mara gari likiwa limechaji kwa saa moja hivi, shika plagi. Vuguvugu si neno, lakini ikikuchoma mkono, zima na umwite fundi.

Kuna hatari nyingine ambayo wanunuzi wa magari ya Japani wanapaswa kuijua. Kebo nyingi za huko za volti 200 huvuta ampea 15. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo watu huikata na kufunga ya pini tatu. Usikubali. Fyuzi ya 13 haikatiki upesi kwa ampea 15, inaweza kuvumilia kwa muda mrefu sana huku soketi ikiungua polepole.

Je, ampea 10 zinatosha? Kwa volti 240 hiyo ni kilowati 2.4. Nikienda Upper Hill na kurudi, pamoja na shughuli nyingine, ni kama kilomita 40, yaani uniti sita au saba hivi. Saa nne hazifiki na zimesharudi, hata ukihesabu zinazopotea njiani. Wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo siku za kazi. Kushuka chini sana nako hakuna faida, maana vifaa vya gari lenyewe hula stima muda wote linapochaji, na kadiri unavyochelewa ndivyo vinavyokula zaidi.

Ampea 16 natumia nikirudi kutoka safari ndefu, na kwa soketi ya bluu peke yake. Soketi hiyo ina laini yake kutoka kwenye bodi: waya wa 6 mm, breka yake, kinga ya kukata stima ikivuja, na eathi iliyopimwa. Waya wa 4 mm ungetosha kwa 16, ila kuta zikishachimbuliwa ni afadhali kuweka mnene mara moja. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na waya ununue duka unaloliamini, kwa sababu waya bandia wenye shaba kidogo umejaa mjini.

Niliwahi kushawishiwa ninunue chaja ya ukutani ya ampea 32. Leaf yangu ina kigeuzi cha ndani, kile kinachobadili stima ya nyumbani iweze kuingia kwenye betri, cha kilowati 3 na kitu, kwa hiyo isingevuta hata nusu ya hizo. Halafu kuna shawa ya umeme, ambayo peke yake huvuta ampea 20 na zaidi. Weka shawa, jiko na gari la ampea 32 kwa wakati mmoja kwenye swichi kuu ya 60 uone kama nyumba itabaki na taa. Mimi huchelewesha kuchaji hadi saa nne usiku, watu wameshaoga.

Wapo wanaochaji polepole wakidhani wanalinda betri. Kati ya ampea 10 na 16 betri ya kilowati-saa 40 haioni tofauti yoyote ya maana. Kinachoipasha moto ni chaja za kasi za vituoni, hasa kwa Leaf, ambayo haina mfumo wa kuipoza betri. Nyumbani tunalinda waya.

Kioo cha volti kimenisaidia kuliko nilivyotarajia. Ukiona volti zinaporomoka mara tu gari linapoanza kuvuta, waya ni mwembamba, au mrefu mno, au kuna kiungo kimelegea. Shusha ampea hadi kikaguliwe.

Kasoro yake ni moja, na kwa Nairobi ni kubwa: stima ikipotea na kurudi, chaja husahau ulichochagua na kupanda hadi kiwango cha juu cha plagi iliyochomekwa. Kwangu ya pini tatu hurudi 13. Kwa hiyo usiku wenye mvua na radi siichomeki kwenye soketi ya kawaida kabisa. Mtengenezaji akirekebisha hilo nitaipa nyota tano. Kwa sasa naipa nne, na naipendekeza kwa yeyote mwenye laini yake ya ampea 16. Kama unapanga ghorofani na huna ila soketi ya ukutani, tafuta aina inayokumbuka chaguo lako, au ile ambayo plagi yake ya pini tatu haipandi kupita 10.