Tahadhari: anayeuza "majalada ya babu zetu wa KAR" anauza vitu vya bure

Ndugu zangu Wanubi wa Uganda, mlioko Bombo, Jinja, Arua na popote mlipo, kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akijiita mtafiti wa nasaba. Anadai ana njia yake ya kuingia kwenye kumbukumbu za zamani za Uingereza, na kwamba kwa shilingi 150,000 atakuletea jalada la babu yako aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Msimtumie pesa. Na zaidi ya pesa, msimtumie picha ya kitambulisho cha taifa.

Amempata jirani yetu hapa Bombo, hajati mtu mzima ambaye baba yake alikwenda Burma na jeshi akarudi salama. Alilipa, akasubiri, akaletewa karatasi nzuri ya rangi yenye jina la mzee na maneno ya kumbukumbu. Alilia alipoiona, akaipeleka kutiwa fremu. Wajukuu ndio walioisoma vizuri: inasema marehemu alifia vitani 1944. Mzee yule alifia nyumbani kwake, nchi ikiwa imeshapata uhuru, na kaburi lake tunalijua. Hata namba ya jeshi si ile iliyo kwenye kitabu chake cha kuachishwa kazi. Ni askari mwingine wa jina hilohilo, na majina yetu, Juma, Abdallah, Ramadhan, yanajirudia katika kila ukoo.

Karatasi yenyewe si ya kughushi, ndiyo maana watu wananaswa. Imetoka kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, CWGC, yaani tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ambako mtu yeyote anaandika jina, anafungua ukurasa wa askari na kupakua cheti cha kumbukumbu, bure kabisa. Ila orodha ile ni ya waliokufa katika vipindi viwili tu: Agosti 1914 hadi Agosti 1921, na Septemba 1939 hadi Desemba 1947. Aliyerudi akafariki miaka ya baadaye hayumo, hata awe na nishani kifua kizima.

Wenye babu waliokuwa wapagazi katika vita ya kwanza anawaahidi kwamba jina "lazima lipatikane". Huu ndio uongo unaoniuma kuliko wote. CWGC wenyewe walikiri katika ripoti yao ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafika 350,000. Kama waliokuwa na kalamu wakati ule hawakuliandika jina, huyu atalitoa wapi?

Anauza pia "uanachama" wa FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba. FamilySearch haina ada. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, unajifungulia akaunti mwenyewe, basi. Zipo picha za vitabu ambazo hazifunguki ukiwa nyumbani mpaka uende katika kituo chao, na huko nako hulipi. Lakini niseme ukweli: sisi Wanubi Waislamu tusitarajie mengi mle, maana hatuna vitabu vya ubatizo, na utafiti wa namna hii unavitegemea sana. Habari za babu zetu, wale askari wa Kisudani wa gavana Emin Pasha ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua 1891, ziko kwa wazee wetu na kwenye makaratasi ya serikali ya kikoloni. Makaratasi hayo yatafutwe katika kituo cha kumbukumbu za taifa pale Wandegeya, Kampala, na katika National Archives ya Uingereza. Kupekua orodha ya hao wa Uingereza mtandaoni ni bure. Ukitaka wakutolee nakala ndipo unalipa, na unawalipa wao wenyewe.

Wapo watafiti wa kulipwa walio waaminifu. Hao hukuambia kabla ya kupokea chochote kwamba huenda wasipate kitu, na wakipata wanakuonyesha walikopata.

Kuhusu kitambulisho, anasema anakihitaji ili "kuthibitisha urithi" upate fidia ya askari. CWGC inashughulika na makaburi na majina, haigawi fidia kwa mtu. Siku chache baada ya hajati kutuma picha ya kitambulisho, alianza kupigiwa simu na watu wanaomtaja kwa jina lake kamili, wakitaka namba yake ya siri ya pesa za simu. Alhamdulillahi hakuwapa.

Aliyekwisha tuma pesa asifute ujumbe wowote, hasa ule wenye namba ya muamala. Apige simu kwa kampuni ya mtandao wake leo hii, abadilishe namba ya siri, kisha aende polisi na simu yenyewe mkononi na asiondoke bila namba ya kesi. Tapeli huyu hubadilisha laini. Mara ya mwisho picha yake ilikuwa ya nishani za vita juu ya bendera ya Uingereza.

Wajukuu wa hajati wamekubali kuwatafutia wazee kwenye CWGC bila malipo, msikitini baada ya Alasiri. Mje na kitabu cha jeshi au chochote chenye namba ya askari, kwa sababu kwa jina peke yake yatatoka majina mengi na hatutajua yupi ni wenu.