TAHADHARI: Vishoka wa "karatasi kamili" za mbwa na paka wa kwenda nje, Mtwara na Lindi

Ndugu wenye mbwa na paka mnaojiandaa kuhama au kurudi nje ya nchi, mkiwa Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati, Masasi, Ndanda, Nachingwea au Lindi: kuna watu wanajiita "ajenti wa wanyama" na wanauza kifurushi wanachokiita karatasi kamili. Wanapita kwenye makundi ya WhatsApp, wengine wanabisha hodi kabisa kwa wageni na wafanyakazi wa miradi ambao mikataba yao inakaribia kwisha. Maneno ni yale yale: lete hela leo, wiki mbili mnyama yuko kwenye ndege. Usilipe. Kama mnyama hakuanza maandalizi miezi kadhaa nyuma, hakuna njia halali ya kumwingiza Umoja wa Ulaya ndani ya wiki mbili, hata ajenti awe anajuana na nani Dodoma. Kinachomchelewesha mnyama ni kinga ya mwili wake na kalenda.

Hesabu yenyewe ni hii, ishike kichwani kabla ya kuongea na mtu yeyote. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inazilegezea masharti ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa au paka anawekewa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Ndipo anachanjwa kichaa cha mbwa, akiwa na umri usiopungua wiki 12. Zinapita siku 30 au zaidi, anatolewa damu. Damu inapimwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kingamwili (kinga iliyojengwa na chanjo) zinatakiwa zifike 0.5 IU, yaani uniti za kimataifa, kwa mililita au zaidi. Kisha mnasubiri miezi 3, na miezi hiyo inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipotoka. Jumlisha mwenyewe: miezi 4 imeshakwisha, hata mambo yakienda sawa yote. Anayekuuzia kijibwa cha miezi 3 "tayari kwa Ujerumani" anakudanganya. Wa haraka kuliko wote ataingia huko akikaribia miezi 7.

Uingereza hesabu ni hiyo hiyo, ila kwa ndege mnyama anaingia kama mzigo wa kago, hakai na wewe kabini. Karatasi zikiwa na kasoro anaweza kuwekwa karantini hadi miezi 4 kwa gharama yako. Japani wanataka chanjo mbili na kusubiri siku 180 baada ya damu. Australia haipokei mnyama moja kwa moja kutoka Tanzania.

Marekani inahitaji maelezo yake, maana hapo ndipo watu wanapopigwa kirahisi. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa yeyote anayeingia lazima awe ametimiza miezi 6, awe na chipu, na awe na fomu ya kuingiza mbwa ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Tanzania iko kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa hapa anahitaji pia fomu maalumu ya chanjo na chipu, iliyothibitishwa na daktari wa serikali. Lazima atue kwenye uwanja wenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC, akiwa na nafasi iliyowekwa mapema. Damu itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na siku 28 au zaidi kabla ya kuingia. Bila majibu halali ya damu, mbwa anakaa karantini siku 28. Lakini hayo ni ya mbwa. CDC haidai kipimo cha damu kwa paka, hata cheti cha chanjo ya kichaa haikidai, ingawa jimbo unakokwenda linaweza kuwa na masharti yake. Vishoka wanawauzia wenye paka "kipimo cha damu cha Marekani" kwa bei ya mbwa. Hapo unanunua hewa.

Sasa bidhaa zao, moja moja.

Ya kwanza ni "pasipoti ya Ulaya", kile kitabu cha bluu chenye nyota. Pasipoti ya mnyama ya Umoja wa Ulaya inatolewa na madaktari wa mifugo walioidhinishwa huko huko Ulaya. Daktari wa Tanzania hana mamlaka ya kuitoa, awe wa halmashauri, wa wizara au wa kliniki binafsi. Mnyama anayetoka hapa anasafiri na cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya, karatasi nyingine kabisa. Ukionyeshwa kitabu cha bluu kilichojazwa Mtwara, mazungumzo yaishie hapo.

Ya pili ni chipu. Chipu halali inafuata viwango vya ISO 11784 na 11785, ina tarakimu 15, ni ndogo kama punje ya mchele na huchomwa chini ya ngozi kati ya mabega. Vishoka wanabandika stika ya namba kwenye kitabu na ndani ya mnyama hamna kitu, au stika moja inatumika kwa wanyama wawili. Tarakimu tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi (Tanzania ni 834) au wa mtengenezaji, kati ya 900 na 998. Namba inayoanza na 999 ni ya majaribio, ikatae. Dai skana ipitishwe mbele yako mara tatu: kwenye pakiti kabla ya kuchoma, kwenye shingo ya mnyama kabla (huenda ana chipu ya zamani), na baada ya kuchoma. Piga picha kioo cha skana. Anayesema skana yake imeisha chaji, mwambie aende akaichaji.

Mpangilio wa tarehe nao wengi hawaujui. Chanjo iliyotolewa kabla ya chipu haihesabiki, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba ni mnyama yule yule. Ndiyo maana kadi za chanjo za kampeni ya halmashauri, zile za Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tarehe 28 Septemba, hazikufikishi popote uwanja wa ndege. Kampeni hizo zina faida kubwa. Lindi na Mtwara zilikuwa kwenye mradi wa kutokomeza kichaa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kati ya 2010 na 2015, na mbwa wengi wa kusini walichanjwa. Ila kadi ile haina namba ya chipu. Kishoka anaichukua, anaongeza namba kwa kalamu nyingine, anagonga muhuri. Mkaguzi akiona wino wa aina mbili hahitaji kuuliza mengi.

Chanjo yenyewe iangalie kwenye chupa. Stika ya chupa inabandikwa kwenye kitabu, ikionyesha jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Inatakiwa itunzwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Chanjo inayotolewa kwenye mfuko wa shati saa saba mchana, kwa joto letu la pwani, hata kama ni halisi inaweza isimpe mnyama kinga ya kutosha, na utakuja kuligundua hilo kwenye majibu ya damu, hela ya kipimo ikiwa imekwenda.

Damu ndiyo kitega uchumi chao kikubwa, kwa sababu maabara iko mbali na majibu huja kama PDF ambayo kila mtu mwenye kompyuta anaweza kuibadilisha. Hakuna maabara ya Tanzania iliyo kwenye orodha ya Ulaya ya kipimo hiki. TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) wana kituo Mtwara na wanaweza kukusaidia kwa mengi ya afya ya mnyama, lakini cheti cha kingamwili lazima kitoke kwenye maabara iliyoidhinishwa nje, mfano ile ya Chuo Kikuu cha Kansas State. Orodha nzima iko kwenye tovuti ya Kamisheni ya Ulaya, bure. Majibu ya kweli huchukua wiki. "Majibu siku tatu" maana yake damu haikuondoka Mtwara.

Sampuli halisi inatolewa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa, si bwana mifugo wa kata wala mwenye duka la dawa za mifugo. Inaingia kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, kisha seramu (maji ya damu yanayobaki juu) inahamishiwa kwenye chupa safi. Walau nusu mililita, na mara nyingi maabara hupenda zaidi ya hapo. Inasafiri ikiwa baridi. Seramu iliyogeuka nyekundu kwa sababu damu ilitikiswa njiani inaweza kukataliwa. Kwa hiyo kumkabidhi kondakta wa basi la Dar chupa ya damu nzima ndani ya mfuko wa rambo ni kutupa hela, hata kama aliyekushauri ana nia njema. Na ratiba iwe na nafasi ya dharura: Mei 2024 mafuriko yalikata barabara ya kusini pale Somanga, na mizigo ikalala njiani.

Majibu yakija, tafuta namba ya chipu, tarehe ya kutolewa damu, jina la daktari na namba ya kipimo. Kisha iandikie barua pepe maabara yenyewe, kwa anwani uliyoitoa kwenye tovuti yao, si ile iliyoandikwa kwenye PDF. Uliza swali moja tu: namba hii ya kipimo na chipu hii ni zenu? Kuna pia mnyama anayefeli kihalali. Aliyechanjwa mara moja tu maishani, akachelewa kutolewa damu, kingamwili zinaweza kuwa zimeshuka chini ya 0.5. Dawa yake ni kuchanja tena na kupima tena, na madaktari wengine hutoa dozi mbili tangu mwanzo kwa sababu hiyo. Kishoka yeye anabadilisha 0.3 kuwa 3.0. Ukishapata majibu mazuri, usiache chanjo ya marudio ipite tarehe hata kwa siku moja, maana unaanza upya tangu chanjo.

Malipo. Kibali cha kusafirisha mnyama nje kinatolewa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na ada ya serikali inalipwa kwa kontroli namba iliyo kwenye ankara yenye jina la taasisi. Mtu akikuambia utume ada ya kibali kwenye namba yake ya simu "kwa sababu mtandao wa serikali uko chini", huyo anakula hela yako. Daktari naye muulize namba yake ya usajili, halafu uihakiki Baraza la Veterinari Tanzania. Daktari halisi hakasiriki kuulizwa hilo.

Cheti cha afya cha Ulaya kinasainiwa na daktari wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya kuingia, kwa Kiingereza na lugha ya nchi unayoingilia. Anayekuuzia kilichosainiwa mwezi mmoja kabla, tayari kimekufa. Kwa mtu wa Mtwara siku hizo 10 zinabana, kwa sababu ndege ya nje unaipandia Dar. Panga safari ya Dar kwanza, kisha cheti. Anayeelekea Ireland, Finland, Malta au Norway akiwa na mbwa anahitaji pia dawa ya minyoo tegu, iliyotolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na imeandikwa kwenye cheti. Uingereza hivyo hivyo. Tena, mnyama asiachane na mwenyewe zaidi ya siku 5. "Wewe tangulia, tutamleta mwezi ujao" kunamgeuza kuwa mzigo wa biashara, na karatasi zote zinabadilika.

Kreti wanazouza nyingi ni fupi. Pima urefu wa mnyama toka pua hadi mzizi wa mkia, ongeza nusu ya urefu wa mguu toka ardhini hadi kiwiko, huo ndio urefu wa kreti. Upana ni upana wa mabega mara mbili, na kimo kisipungue ncha ya masikio akiwa amesimama. Vidonge vya usingizi wanavyoongeza kama "zawadi" usivikubali. Mashirika ya ndege hukataa mnyama aliyelewa dawa, na wenye pua fupi wanaweza kufa hewani.

Waliokwisha kulipa: usijaribu bahati na karatasi hizo. Ulaya wakigundua, mnyama anarudishwa, au anafungiwa kwa gharama yako, na ikishindikana kabisa anaweza kuuawa. Mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa apitishe skana. Chipu ikisomeka na ni ya ISO, ibaki. Chanjo irudiwe kesho yake ikiwa tarehe zina shaka, na damu isubiri siku 30 toka hapo. Namba ya tapeli iripoti 15040, na polisi uende na meseji za malipo, picha za stika na hiyo PDF yenyewe bila kuifuta wala kuisahihisha.