DAAD kwa uzamivu wa polima: ufadhili mzuri, masharti makali

Kwa mkemia wa Nairobi mwenye uzamili, ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi) wa kusomea huko uzamivu wa polima, yaani molekuli ndefu za vipande vinavyojirudia kama za plastiki, ni mzuri kweli: posho ya kila mwezi, bima ya afya na mchango wa nauli. Linaloangusha wengi ni muda. Kwa kawaida isizidi miaka 6 tangu upate shahada ya mwisho. Tafuta msimamizi kwanza, barua yake ndiyo uzito wa ombi.

Mpango wa utafiti ndipo pagumu. "Nitapima uzito wa molekuli" haitoshi. Taja kiyeyusho na namna ya kusawazisha mashine: kromatografia (mashine inayotenganisha molekuli kwa ukubwa wake) iliyosawazishwa kwa polistirini, plastiki ya minyororo isiyo na matawi, hutoa uzito wa kulinganisha tu, hivyo polima yenye matawi mengi huonekana nyepesi kuliko ilivyo. Msomaji mjuzi hulitafuta hilo mapema.