Seva: uzibane wati au uzime zingine kabisa?

Wadau wa Arusha na Moshi wenye chumba cha seva, umeme ukianza kuuma kuna njia mbili, uziwekee seva kikomo cha wati au uhamishie kazi kwenye seva chache, zingine uzime.

Kikomo kwanza. Prosesa za Intel tangu Sandy Bridge ya 2011 zina kitu kinaitwa RAPL, unaweka wati kwenye Linux na prosesa inajipunguzia spidi yenyewe. Ila feni na diski haizigusi, ukitaka kubana seva nzima pitia BMC, kile kikompyuta kidogo ndani ya seva cha kuisimamia, kama mashine yako inaruhusu. Utamu wake ni pale jenereta au UPS ni ndogo, unajua mzigo hauruki ghafla ukaangusha kila kitu. Ubaya kazi nzito zinachelewa, na uniti za LUKU usitegemee zipungue sana maana seva iliyokaa bure ilikuwa haifiki hata hicho kikomo.

Kwenye LUKU ndo kuzima kunashinda mbali. Seva isiyo na kazi bado inakula umeme wa maana, kama bajaji imewashwa stendi haina abiria, na joto lake unalilipia tena kwenye AC. Shida, ukirundika VM (kompyuta pepe zinazoendeshwa ndani ya seva) zote kwenye seva moja, hiyo ikifa umeenda nazo zote, na seva iliyozimwa haiamki papo hapo.

Ofisi ya utalii hapo Njiro mi ningewaambia wazime tu, masika wageni wachache seva tatu za nini? Hospitali weka kikomo, usizime kitu.