Nimelipia RAM ya 3200, inatembea 2133, na kusimangwa nikasimangwa

Sijawahi kuandika habari za duka mtandaoni, ila hii imenikaa kooni. Nyanya! Kijana wa watu ananisimanga kwa mfano wa nyanya, mbele ya wateja.

Nina stesheni yangu ndogo Mbagala: natoa kopi, nachapa barua, natengeneza kadi za harusi na za michango. Kompyuta ni ya mtumba, prosesa yake Core i5-6500 ya Intel, mashine ya ofisi iliyochoka huko ilikotoka ikaja kumalizia uzee kwangu. Ilikuwa na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, kipande kimoja, sloti ya pili tupu. Nikifungua kadi yenye mapicha makubwa ya maharusi inaganda, na mteja anakutazama kama wewe ndiye uliyeganda. Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, nikaenda Kariakoo kuongeza.

Siku ile muuzaji alikuwa asali. Alikuwa na kipande cha GB 8 cha 2133 na kingine cha 3200 (namba hizo ndizo kasi yake), hicho cha pili kimezidi shilingi elfu ishirini na tano. "Dada, chukua 3200, hiyo nyingine ya kizamani. Mashine itapaa." Elfu ishirini na tano kwangu ni kopi mia mbili na hamsini. Nikatoa. Wala hakuniuliza naenda kukifunga kwenye mashine gani. Si prosesa, si mazabodi.

Nikachomeka, ikawaka, GB 16 zikasoma. Ningeishia hapo ningelala vizuri. Kiherehere kikanipeleka kwenye CPU-Z, programu ya kuchungulia vilivyomo ndani ya kompyuta, nikakuta kasi ya RAM ni 1066. Elfu moja sitini na sita, nami nimelipia 3200! Usiku ule jikoni sikuingia, baba watoto akala mkate na chai.

Hapo, haki ya Mungu, nilimwonea muuzaji. RAM hizi ni za aina ya DDR, nayo DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mdundo, na programu ile huonyesha mdundo wenyewe, kwa hiyo unazidisha kwa mbili: 2133. Task Manager ya Windows nayo ikasema hivyohivyo. Haya, lakini 2133 ndiyo 3200? Nikadhani kile kipande cha zamani ndicho kinachovuta mwenzake nyuma, maana vikikaa pamoja vyote hufuata mwendo wa kile cha polepole. Nikakichomoa, nikaacha kipya peke yake. 2133 ileile.

Kesho yake nikarudi dukani. Niliongea kwa upole, wallahi, hata mimi nilijishangaa. Hakuinua macho kwenye simu yake. "RAM ni RAM, mama." Juzi dada, leo mama. "GB 16 imesoma, haijasoma? Hii si nyanya, uende nayo nyumbani, uibonyezebonyeze, halafu uirudishe." Watu wakacheka. Akagonga kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Fundi wa jirani yangu ndiye aliyenieleza nilichopaswa kuelezwa kabla sijatoa hela. Kinachoendesha RAM kimo ndani ya prosesa, na hizi i5 za kizazi cha sita Intel waliziwekea DDR4, toleo la nne la DDR, ya 2133, kizazi cha saba wakapandisha hadi 2400. Na mashine ya ofisi kama yangu, hata uzame kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, mpaka asubuhi, huoni pa kuipandishia. Kipande cha 3200 hakiharibiki, kinashuka chenyewe. "Umefunga pampu kubwa kwenye bomba la nusu inchi," akasema. Maana yake kile cha "kizamani" kingefanya kazi hiihii, na kopi zangu mia mbili na hamsini zingebaki mfukoni.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba mashine imekuwa nzuri. Nzuri hasa! Nafungua kadi tatu pamoja na haigandi. Fundi anasema si nafasi tu iliyoongezeka, vipande viwili vinaihudumia prosesa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kumbe zamani ilikuwa njia moja. Nilishaandika hapa "msilikanyage duka hilo", nikafuta. RAM yenyewe haina kosa. Nikija kupata mashine inayoikubali 3200, ilimradi iwe ya DDR4, nitahama nayo, kwa hiyo pengine hela haijapotea. Pengine. Ila yeye hakuwa na habari na hilo wakati ananipigia debe, kwa hiyo sifa hizo simpi ng'o.

Sasa nina mashine ya pili, pacha wa hii, nayo imeanza kuganda. Kile kipande cha 2133 nilikiona bado kimelala kwenye kabati lake la kioo, na nimezunguka maduka yote ya mtaa ule, hakuna mwenye bei kama yake. Jumamosi namtuma mpwa wangu akakichukue.