Besi ya kupigia panki roki: nunua ipi ukiwa Dar?

Ukiingia madukani Kariakoo kuulizia gitaa la besi, mara nyingi utakachoteremshiwa kwanza ukutani ni besi ya nyuzi tano, inang'aa, ina vitufe vitano au sita. Kwa kwaya ni chombo kizuri. Kwa panki roki, yaani roki ya kasi na makelele, mwambie muuzaji airudishe. Unachotafuta ni nyuzi nne, pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) inayoeleweka na vitufe vichache kadiri inavyowezekana. Nimepanga kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza: besi ya aina ya Precision, hata ya mtumba

Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa Marekani, aliitoa Precision Bass mwaka 1951, na mwaka 1957 akaiwekea pikapu ya vipande viwili ambayo ipo hadi leo. Dee Dee Ramone wa bendi ya panki ya Ramones alipiga hiyo. Sid Vicious wa Sex Pistols alipiga hiyo. Ile ambayo Paul Simonon wa The Clash aliibamiza jukwaani New York mwaka 1979 ni hiyo hiyo. Sababu iko kwenye mlio. Panki hupigwa kwa piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kuchapia nyuzi, mkono unashuka tu, unashuka tena, kwa kasi, wimbo mzima. Precision hujibu kwa sauti nene ya kati inayopenya katikati ya magitaa yanayokwaruza. Halafu vile vipande viwili vya pikapu huua mngurumo wa umeme. Kwenye kumbi zetu, hilo peke yake linatosha kuiweka namba moja.

Si lazima iwe Fender ya Marekani. Squier ni jina la kampuni hiyo hiyo kwa bei ya chini, na ya mtumba iliyotunzwa inafaa kabisa. Ila ikague. Kandamiza uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki chini ya uzi karibu na freti ya saba. Ikitosha kadi ya vocha ya simu kupita kwa shida, shingo ni nzima. Ikipita sarafu, imepinda. Mwombe muuzaji akaze chuma cha ndani ya shingo kwa alenki mbele yako, na kama kimeshika kutu hakizunguki, ondoka. Angalia pia skrubu za pikapu. Hewa ya chumvi ya Dar huanza kula hapo, na skrubu za rangi ya kahawia zinakuambia besi ilikaa wapi. Kitufe kikikoroma ukikizungusha usiogope, fundi hukisafisha kwa dakika chache, lakini kitumie kupunguziwa bei.

Ya pili: Yamaha TRBX174

Ukitaka mpya, anza na hii. Ina pikapu ya vipande viwili kama ya Precision pamoja na nyingine karibu na daraja, na haitumii betri. Fungua sauti ya ile ya kwanza yote, ya nyuma izime au ifungue kidogo tu.

Ya tatu: aina ya Jazz Bass

Shingo yake ni nyembamba, raha kwa mwenye vidole vifupi. Lakini pikapu zake mbili huua mngurumo wa umeme zikiwa tu zimefunguliwa zote sawasawa. Ukipunguza moja, mngurumo unaingia. Ukiinunua, acha vitufe vyote viwili vya sauti mwisho, usiviguse.

Ya nne: zinazotumia betri

Ibanez GSR200 inapatikana, ni nyepesi, na inapigika. Tatizo langu ni betri ya volti 9 iliyo mgongoni. Besi yangu ya kwanza, isiyo na jina lolote, ilikuwa na mfumo wa betri. Siku moja Sinza, katikati ya wimbo wa tatu, ikaanza kukohoa kama redio inayokufa, kisha kimya. Mpiga ngoma aliendelea peke yake huku nikitafuta duka lililo wazi. Tangu siku hiyo sinunui. Wewe ukinunua, chomoa kebo kila ukimaliza, maana ikibaki imechomekwa betri inaliwa usiku kucha.

Amplifaya: usikimbilie

Hapa ndipo vijana wengi wanamaliza pesa. Ampeg SVT, iliyotoka 1969 na wati zake 300, ndiyo ndoto ya kila mpiga besi wa roki, lakini haipandi bajaji. Karibu kila ukumbi hapa una mikisa na spika kubwa, kwa hiyo nunua kwanza kisanduku cha DI, kinachounganisha besi moja kwa moja na mikisa, chenye mkwaruzo ndani yake: SansAmp Bass Driver kama mfuko unaruhusu, Behringer BDI21 kama hauruhusu. Unampa fundi mitambo kebo moja, umemaliza. Ya nyumbani iwe ndogo, wati 20 au 30.

Ukipata amplifaya ya mtumba, soma kibao cha nyuma kabla hujaichomeka. Iliyoandikwa volti 120 imetoka Marekani, na umeme wetu wa 230 utaiunguza. Na usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo kwa sauti kubwa, spika inapasuka.

Vitu vidogo ambavyo si vidogo

Nyuzi: seti ya unene wa 45 hadi 105, za chuma cha pua, kwa sababu jasho na unyevu wa hapa huziua mapema za nikeli. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Zikififia, zichemshe dakika kumi, zikaushe, uzirudishe. Mlio unafufuka kwa muda.

Piki ya milimita 0.88, ile ya kijani ya Dunlop Tortex, na uwe nazo sita.

Mkanda uwe mpana. Besi ya kuning'inia magotini inapendeza kwenye picha ila inavunja kifundo cha mkono, kwa hiyo ipandishe hadi kifundo kinyooke. Kisha kata kiduara cha mpira wa ndani wa baiskeli, kitoboe, ukivalishe kwenye kifungo juu ya mkanda. Ruka utakavyo, hautachomoka.

Kama una milioni moja, weka laki sita kwenye besi, mbili na nusu kwenye kisanduku, iliyobaki nyuzi, kebo mbili na mfuko mnene. Mfuko usiache: daladala ya jioni itakugonga shingo ya besi kabla hujafika Mwenge.