Kitanda cha Kijana: Inua Godoro Uone Chaga

Wasomaji kadhaa wamelalamika kwamba kitanda walichomnunulia kijana wao wa sekondari kilianza kubonyea kabla mwaka haujaisha, na karibu wote wanalilaumu godoro. Mimi nalaumu chaga, yaani zile mbao za kukingama zinazobeba godoro. Rangi, droo na urembo wa mchagoni muuzaji atakuonyesha bila kuombwa, lakini chaga hufunikwa na godoro la maonyesho, na hapo ndipo gharama hubanwa.

Kitanda cha futi nne kwa sita kina urefu wa sentimita 183 hivi. Kikiwekewa chaga saba zenye upana wa sentimita 10, pengo kati ya moja na nyingine hukaribia sentimita 19, na godoro huzama humo polepole, hasa kwa kijana ambaye kitanda kwake ni mahali pa kulala, kusomea, kukaa ukingoni na wenzake na kujitupa akitoka mpirani. Chaga 11 hupunguza pengo hilo hadi sentimita 7 na kidogo. Tazama pia zinapokalia: ule ubao mwembamba ulioshikizwa kwenye mfumbati, mbao ndefu ya ubavuni mwa kitanda, kwa misumari mitatu hung'oka, kwa hiyo dai skrubu na gundi, pamoja na tendegu la tano katikati.

Nafasi ya kwanza naipa mninga wa kuagiza kwa fundi, kwa mfano kule Keko, Dar es Salaam. Mbao hii haipindi kirahisi, mchwa hawaiwezi kwa urahisi, na idadi ya chaga unaipanga mwenyewe. Kinachoniudhi ni mbao laini kupakwa rangi na kuuzwa kwa bei ya mninga. Sisitiza kukiona kitanda kabla hakijapigwa vanishi, na anayekataa mwache na kitanda chake. Wapo pia wanaokutajia bei ya kitanda, mkakubaliana, kisha wakati wa kupakia kwenye gari ukaambiwa kwamba chaga ni za kulipia kando, kana kwamba mtu hununua kitanda ili alale sakafuni.

Cha pili ni kitanda cha chuma, ambacho chaga zake zimechomelewa na hazihami. Kwa wakazi wa Tanga, Unguja na miji mingine ya pwani, kagua maungio, kwa maana kutu huanzia palipochomelewa na kupakwa rangi juujuu.

Vya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kutoka nje vinashika nafasi ya tatu, ijapokuwa ndivyo vijana wanavyovipenda zaidi. Unyevu huvimbisha ubao huo, na skrubu ikishalegea haishiki tena sawasawa, jambo ambalo mpangaji anayehamahama atalijua mapema. Cha paini ni nafuu. Ongeza chaga, basi.

Kuhusu godoro sifichi upendeleo wangu: nachagua Tanfoam ya Arusha, lile gumu, hata kama duka lina la bei ya chini kidogo. Linunue baada ya kitanda kukamilika na kupimwa kwa ndani, kwa sababu futi nne za fundi huweza kupungua inchi nzima. Nguzo za chandarua nazo ziagizwe siku hiyohiyo, maana ukirudi kuziomba baadaye utatozwa kama mteja mpya.